Maneno ya Ngozi na Matunzo Yake kwa Mwanamume Aliyebadili Jinsia

Barabara itokayo Mombo hupanda Milima ya Usambara kwa kona nyingi mpaka mji wa Lushoto, ulio yapata mita 1,400 juu ya bahari. Kisha huendelea kupanda hata Magamba, penye msitu mkubwa, ukungu wa asubuhi, na baridi ambayo mtu wa Tanga mjini huihesabu kuwa ni adhabu. Jina la mahali hapo likisikiwa na mgeni ajuaye Kiswahili humpeleka moja kwa moja kwenye gamba la samaki au gamba la nyoka. Haifai kujenga hoja juu ya jina la mahali kwa sababu ya mfanano wa sauti tu, maana Kishambaa ndicho chenye haki ya kwanza juu ya majina ya milima yake. Walakini neno gamba lenyewe lina kazi katika maelezo haya, kwa kuwa limezaa usemi wa kujivua gamba, ambao mwaka 2011 ulivuma Tanzania nzima pale Chama cha Mapinduzi kilipoutumia kwa maana ya kujisafisha.

Usemi huo huweza kumjia upesi mtu atakaye kueleza habari za mwanamume aliyebadili jinsia, yaani mtu aliyeandikwa mwanamke siku alipozaliwa, akajijua kuwa ni mwanamume, na akiisha kuwa mtu mzima akatumia homoni ya kiume, testosteroni, ili mwili nao ufuate. Lakini mfano wa nyoka haumfai. Nyoka huacha gamba kuukuu kichakani akaenda zake na jipya. Mtu huyu hubaki na ngozi ile ile. Kinachobadilika ni kazi ya tezi zilizomo ndani yake, nayo hubadilika polepole, kwa miezi na miaka, ikimletea mafuta, chunusi, malaika, ndevu, na pengine makovu, mambo ambayo yote yataka matunzo. Na matunzo hufika kwa maneno: maneno ya daktari, ya muuza dawa, na ya karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa. Hapo ndipo habari ya ngozi inapogeuka kuwa habari ya lugha.

Kwanza jina la mtu mwenyewe. Kiswahili hakikukosa maneno ya watu walioonekana kusimama penye mpaka wa kiume na kike, ila hapana hata moja linalomkaa mtu huyu. Huntha ni neno la wanasheria wa Kiislamu, lenye asili ya Kiarabu. Lamhusu aliyezaliwa na maumbile ya shaka, na lilihitajiwa hasa katika mambo kama ugawaji wa urithi. Hanithi lamhusu mtu aliyehesabiwa mwanamume tangu mwanzo, nalo mara nyingi ni tusi. Jikedume huweza kuwa lawama na huweza kuwa sifa, kwa kuwa husemwa pia juu ya mwanamke shupavu. Lakini sehemu yake ya kwanza ni jike, na hilo ndilo jambo analolikana mtu huyu. Katika maandishi ya siku hizi wako waandishi wanaojaribu kutenga jinsi kwa mwili na jinsia kwa nafasi ya mtu katika jamii. Jaribio hilo lina shida yake, maana jinsi ina kazi nyingine kubwa katika lugha, ile ya namna na njia, na msomaji wa kawaida hukwama. Maneno marefu, mwanamume aliyebadili jinsia, hayana uzuri wa neno moja, lakini husema ukweli bila kutukana. Nayo yatatosha hapa.

Dawa yenyewe si jambo la juzi. Testosteroni ilitengwa na kuundwa katika maabara za Ulaya mwaka 1935, na Mwingereza Michael Dillon alianza kuitumia mwaka 1939, kabla hajawa daktari. Mwaka 1946 akachapisha kitabu chake, Self, juu ya homoni na haki ya mtu kuufananisha mwili na nafsi yake. Katika Tanzania hapana sheria iwekayo njia ya kubadili alama ya jinsia katika hati za mtu, na Kanuni ya Adhabu yatoa kifungo kizito kwa mapenzi ya wanaume wawili. Habari hiyo ni nyingine kabisa, lakini machoni pa watu wengi zote mbili huwekwa katika kapu moja, na kwa hiyo aliyebadili jinsia ana sababu ya kujificha. Ajifichaye hununua dawa ya ngozi kwa kukisia, au huuliza kana kwamba amwulizia ndugu yake, na jibu alipatalo ni la huyo ndugu wala si lake.

Mabadiliko ya ngozi yatafahamika vizuri zaidi yakitazamwa kwanza katika maneno ya ujana. Kiswahili hutumia kubalehe, kutoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kufika, na kupevuka, kama tunda. Maneno haya mawili humfaa mvulana na msichana vilevile. Lakini lugha ina pia kuvunja ungo, ambako ni kwa msichana tu, siku ya damu yake ya kwanza. Basi mwanamume aliyebadili jinsia hupita katika ujana mara mbili: mara ya kwanza kwa ungo, mara ya pili kwa testosteroni. Hiyo ya pili humkuta mtu mzima, pengine mwenye kazi na kodi ya kulipa, naye huamka na uso wa kijana wa miaka 16. Neno kubalehe hulichukua jambo hili bila kulemewa. Mtu wa miaka 30 akisema, "Ninabalehe upya," msikilizaji atacheka, lakini ataelewa. Na ataelewa vilevile kwamba chunusi zake si uchafu wala si ugonjwa wa kuambukiza.

Kazi ndani ya ngozi ni hii. Testosteroni ifikapo katika ngozi, kimeng'enya kilichomo humo huigeuza kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, nayo huziamuru tezi za mafuta zikue na kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo hutoka kwa njia ile ile ya shina la unywele. Seli kavu za ngozi zikishikamana na mafuta, njia huziba; vijidudu vinavyoishi humo siku zote hustawi, na pahali hapo huvimba. Uso, kifua, mabega na mgongo ndizo sehemu zenye tezi nyingi, na ndizo zinazoumia. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society ya Marekani waeleza kwamba mafuta na chunusi huanza kati ya mwezi wa 1 na wa 6 wa kutumia testosteroni, na kufika kilele chake kati ya mwaka 1 na 2. Ndevu na nywele za mwili huanza baadaye, kati ya mwezi wa 6 na wa 12, nazo huchukua miaka 4 hata 5 kutimia. Kwa wengi chunusi hupungua baada ya kilele hicho, hata kama dawa ya homoni inaendelea. Kwa wachache hudumu.

Msomaji atazame jinsi lugha ilivyojiandaa kwa safari hii ya unywele. Vinyweleo ni matundu madogo ya ngozi. Laika, wingi wake malaika, ni unywele mwororo wa mwili, wa watoto, wanawake na wanaume pia. Testosteroni huyachukua malaika ya shavuni na ya kidevuni na kuyafanya mazito, meusi na marefu, hata yakawa udevu mmoja mmoja, kisha ndevu. Udevu, ndevu na kidevu ni watoto wa shina moja. Na kidevu kila mtu anacho, mwanamke na mwanamume. Lugha imekita ndevu penye mfupa ambao haumbagui mtu.

Neno chunusi lina sura mbili. Katika pwani ni jini wa maji, awavutaye waogao chini wakazama. Katika uso ni kile kipele cha ujana. Ikiwa ni neno moja au ni mawili yaliyokutana kwa sauti, hilo ni la watunga kamusi. La manufaa zaidi hapa ni majirani zake, kwa sababu kosa la jina huleta kosa la dawa. Upele ni ugonjwa wa kuwasha uletwao na vidudu vidogo vichimbavyo ngozi, nao huambukiza. Harara ni vipele vya joto na jasho. Ukurutu hukausha na kuwasha. Choa huenda kwa duara. Jipu huiva na kutoa usaha. Na vipele, kwa udogo wake, hufunika yote hayo. Mtu afikaye dukani akasema tu, "Nina vipele," amempa muuza dawa mlango wa kumpa chochote: dawa ya upele, dawa ya fangasi, au, na hili ndilo baya, krimu yenye stiroidi. Krimu hiyo hupunguza wekundu kwa siku chache ikampendeza mtu, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzalisha chunusi mpya. Asemaye, "Nina chunusi za kubalehe," amekwisha kuokoa nusu ya gharama, wala hakulazimika kueleza habari za maisha yake.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Uso huoshwa mara mbili kwa siku, na tena baada ya jasho jingi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Sabuni ya mche, ifuayo nguo vizuri, haifai usoni; hali kadhalika dodoki na mawe ya kusugulia, kwa kuwa chunusi si kutu ya kukwanguliwa. Kukamua chunusi kwa kucha huisukuma chini na kuacha doa au kovu. Mtu wa Magamba ana jaribu lake la pekee: kuanzia Juni hata Agosti baridi hukausha ngozi, naye hujipaka mafuta mazito ya mgando mwili mzima, uso nao, kama alivyofundishwa na mama yake. Miguuni na mikononi hapana neno. Usoni pa mtu ambaye tezi zake zimeanza kufurika, mafuta hayo huziba njia zilizokwisha kuwa nyembamba. Yafaa ayabadilishe kwa losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo.

Dawa za kupaka zina mbili zinazotangulia. Benzoili peroksaidi huua vijidudu vya chunusi, nayo huanzwa kwa nguvu ya asilimia 2.5 au 5. Yafaa kujua kwamba huchujua rangi ya taulo na mashuka, na wengi wameharibu kanga nzuri kabla ya kujifunza. Adapalini hufungua njia zilizoziba. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wala si juu ya chunusi moja moja. Zote mbili hukausha ngozi majuma ya kwanza, na matokeo huonekana baada ya majuma 8 hata 12. Wengi hukata tamaa juma la tatu wakatupa dawa iliyokuwa karibu kufanya kazi. Chunusi zikiwa nyingi mgongoni na kifuani, daktari huweza kuongeza vidonge vya doksisaiklini kwa miezi michache.

Baridi ya milimani hudanganya juu ya jua. Lushoto iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza miali ya jua iunguzayo kwa yapata asilimia 10; ukungu na mawingu huzuia sehemu yake tu. Adapalini huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua, na ngozi nyeusi iliyovimba kwa chunusi ikipigwa na jua huacha madoa meusi yanayokaa kwa miezi. Kofia pana na mwavuli ni dawa za bei nafuu. Yako pia mafuta ya kukinga jua yatengenezwayo Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yaitwayo KiliSun. Na hapo hapo Moshi, penye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho wahitimu wake wamekwenda nchi nyingi za Afrika. Kwa mtu wa Usambara mwenye chunusi kali, huko kuna wataalamu wa jambo lenyewe, nao hawako mbali kama Ulaya.

Madoa meusi ndiyo yampelekayo mtu kwenye mkorogo. Neno hili ni la kweli kuliko matangazo yake: ni vitu vilivyokorogwa pamoja bila kujulikana kipimo, mara nyingi haidrokwinoni, zebaki na stiroidi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini mkorogo haujakoma. Huaminika kuwa ni jambo la wanawake, na imani hiyo humweka mwanamume aliyebadili jinsia katika hali ya ajabu: pengine aliutumia zamani, alipokuwa akilelewa kama msichana, na ngozi yake ingali na deni, lakini sasa haulizwi tena na mhudumu yeyote, kwa kuwa mbele yake yupo mtu mwenye ndevu.

Ndevu nazo huja na mateso yao, ambayo watu huyaita vipele vya ndevu. Unywele wa Mwafrika wengi umejipinda. Ukinyolewa karibu sana, ncha yake kali hurudi na kuchoma ngozi, au hukua chini kwa chini, na mwili huushambulia kama mwiba. Wanaume waliolelewa kama wavulana hufundishwa kunyoa na baba, kaka au kinyozi. Huyu hakufundishwa na mtu, na mara nyingi hunyoa kila siku laika tatu alizonazo, kwa furaha, au kwa kuamini kwamba wembe huongeza ndevu. Wembe hauongezi. Njia njema ni kulainisha ndevu kwa maji ya moto kiasi, kunyoa kwa kufuata zilikoelekea, bila kuvuta ngozi, kwa wembe wa makali mamoja; au bora zaidi kupunguza kwa mashine na kuziacha zibaki fupi. Mashine ya kinyozi isafishwe kwa spiriti mbele ya macho ya mteja, kwa kuwa choa na vijidudu vya usaha hupenda kusafiri humo. Dawa za kukuzia ndevu ziuzwazo mijini, hasa zenye minoksidili, huweza kuikausha na kuiwasha ngozi ambayo tayari ina adapalini. Miaka 4 au 5 iliyotajwa juu ndiyo jibu kwa aulizaye mbona ndevu zachelewa.

Wako ambao, kabla ya upasuaji au bila kuutaka, hufunga kifua kwa vazi la kubana ili kiwe bapa. Magamba penye ubaridi vazi hilo huvumilika chini ya sweta la mitumba. Akishuka Mombo, jasho hujaa chini yake, na harara na fangasi huanza katika mikunjo. Ngozi ya hapo hutaka kuoshwa na kukaushwa kabisa, vazi libadilishwe kila siku, livaliwe kwa saa chache, lisilaliwe, na kamwe lisiwe bendeji ya mpira wala utepe wa kunata, ambao hukaza kila mtu avutapo pumzi na kuchubua ngozi ukitolewa. Jambo lingine la kutajwa hapa ni kovu linaloota nyama, ambalo huwapata watu weusi zaidi ya weupe, na hupenda kifua na mabega. Chunusi kali za kifuani huweza kulianzisha. Mwenye ndugu aliye na makovu ya namna hiyo humwambia daktari wa upasuaji mapema, ili matunzo ya kovu, kama vipande vya silikoni vya kubandika, yaanze mara kidonda kikishafunga.

Mpaka hapa Kiswahili kimejitosheleza, na sababu yake ni kwamba maneno yote yaliyotumika hutaja kitu au tendo: chunusi, tezi, udevu, kunyoa, kufunga. Hayataji ni nani. Viambishi vya lugha hii havina kike na kiume. A- ya "anaumwa" ni ya watu wote. (Lugha ina mahali inapobagua, hilo lisifichwe: tofauti ya kuoa na kuolewa yatosha kumtesa mtu huyu siku ya harusi.) Hatari huanza pale karatasi ya dawa inapoacha kutaja kitu na kuanza kupanga watu mafungu.

Dawa ambayo huonyesha hatari hiyo wazi ni isotretinoini. Hutolewa kwa chunusi zilizoshinda dawa nyingine, nayo huzikausha tezi za mafuta zenyewe. Midomo hupasuka, macho hukauka, lakini uso hupona, mara nyingi kwa kudumu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mimba ikiwamo, mtoto huweza kuzaliwa na kilema kibaya cha moyo, ubongo au uso. Kwa hiyo mwenye kuweza kushika mimba hupimwa kwanza, na hutakiwa azuie mimba mwezi 1 kabla ya dawa, wakati wote wa dawa, na mwezi 1 baada yake. Sasa yafaa ikumbukwe kwamba testosteroni, hata ikikomesha damu ya mwezi, si dawa ya kuzuia mimba. Mwanamume aliyebadili jinsia ambaye bado ana mfuko wa uzazi na mayai huweza kupata mimba bila kuona dalili ya kwanza ambayo wanawake huiona, kwa kuwa hedhi yake ilikwisha kukoma zamani. Na chunusi zake kali zimeletwa na testosteroni ile ile. Mtu ambaye dawa hii yamfaa sana ndiye huyo huyo ambaye onyo lake lamhusu sana.

Onyo hilo likiandikwa, "Wanawake wajawazito wasitumie dawa hii," yeye atalisoma na kulivuka, na hatakuwa amekosea kusoma. Muuza dawa naye, akiona ndevu, hatauliza. Sentensi fupi iliyoandikwa kwa nia njema imemtoa nje ya onyo mtu aliyehitaji kuwa ndani yake.

Marekani kulikuwa na kasoro ya namna hii. Mpango wa kuilinda jamii na madhara ya isotretinoini, uitwao iPLEDGE, ulianza mwaka 2006 ukiwa na mafungu matatu: wanawake wanaoweza kuzaa, wanawake wasioweza, na wanaume. Mwanamume aliyebadili jinsia hakuwa na pa kuingia ila kwa kuandikwa mwanamke. Baada ya miaka mingi ya malalamiko ya madaktari wa ngozi, mnamo Desemba 2021 mafungu yakawa mawili: wanaoweza kupata mimba, na wasioweza. Onyo halikulegezwa hata kidogo. Lililobadilika ni jina la anayeonywa. Kiingereza kilihitaji miaka 15 kufika hapo, kikivuta nyuma yake he na she zake.

Kiswahili hakihitaji safari ndefu kama hiyo, kwa kuwa nyenzo zake zimo nyumbani. Mjamzito ni mja aliye mzito, na mja ni kiumbe, mtu yeyote. Kilichoongezwa kwenye karatasi ni neno mwanamke tu, nalo halikuhitajiwa, maana uja uzito ulikwisha kutaja jambo lote. Neno lifanyalo kazi kubwa zaidi ni mwenye: mwenye mimba, mwenye kuweza kushika mimba, mwenye mfuko wa uzazi. Mwenye humtaja mtu kwa kile alichonacho, na daktari ahitajicho kujua ni hicho hicho. Mtafsiri wa karatasi za dawa aliyezoea kufuata Kiingereza neno kwa neno huandika "wanawake walio katika umri wa kuzaa", maneno sita, ambayo yanamjumuisha mwanamke aliyekwisha kutolewa mfuko wa uzazi, asiyehusika, na kumwacha nje mwanamume mwenye mfuko huo, anayehusika. Kwa kipimo cha usahihi peke yake, pasipo kuleta hoja ya heshima, "mwenye kuweza kushika mimba" ni tafsiri bora.

Mfano mmoja wa kisheria wakaribiana na hoja hii. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Cheti cha mtihani hutaja alama za masomo, na masomo hayahitaji jinsia ili yasomeke. Karatasi ya dawa si sawa kabisa na cheti, maana mwili hauna budi kutajwa humo. Lakini swali ni lile lile, ni neno lipi linalofanya kazi kwenye karatasi na ni lipi lililoingia kwa mazoea.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo isidharauliwe. Mhudumu wa zahanati ya mlimani, mwenye foleni ya watu 60, huliona neno mwanamke kuwa njia ya mkato; humpa picha upesi, ilhali "mwenye kuweza kushika mimba" humlazimu kuuliza. Wengine wataongeza kwamba kumwuliza mwanamume mwenye ndevu kama ana mfuko wa uzazi ni kumfedhehesha yeye, na kuwafedhehesha wengine mia wasiohusika. Adabu ya Kiswahili haipendi kutaja tumbo la mtu mbele ya watu. Ndiyo maana swali lafaa liwe kwenye karatasi, lisomwe na kila mtu peke yake, wala lisitegemee macho ya mhudumu. Akiisha kujua, mhudumu huweza kumwita mteja kama anavyoitwa barabarani. Katika milima hiyo mwanamume huitwa mgoshi, na aliyesalimiwa hivyo tangu Soni hata Magamba hana sababu ya kugeuzwa dada mbele ya dirisha la dawa ili apate onyo analostahili.

Onyo lenyewe, likiandikwa kwa maneno yaliyomo tayari katika lugha, halizidi mistari miwili: "Dawa hii huharibu mimba. Mwenye mfuko wa uzazi, hata kama haoni damu ya mwezi na hata kama anatumia testosteroni, apimwe mimba kwanza, na amwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza."